Mpingo na Pembe: Mazungumzo juu ya Klarineti na Piano

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu alinijia baada ya somo la kuimba, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amepita Kariakoo jioni, akasikia katika duka moja la redio muziki wa vyombo viwili tu: kimoja cha kupuliza, na cha pili piano. Akasema, "Mwalimu, kwanza nalidhani ni taarab, maana sauti ilikuwa ikilia kama ya mtu aliyefiwa. Mara ikageuka kuwa jazz. Mwishowe ikatulia, ikawa kama muziki wa kanisani. Je, mwalimu, muziki uliochanganywa namna hii si muziki ulioharibika?"

Nalimwambia anipe muda. Nimelifikiri swali lake, na mazungumzo haya ndiyo jawabu langu. Yatupasa kwanza kuvijua vyombo vyenyewe, kisha kuwajua watu waliovipiga, ndipo turudi Kariakoo kwetu.

Chombo cha kupuliza alichokisikia kijana yule huitwa klarineti. Mtu wa pwani ataifahamu upesi nikisema ya kuwa ni ndugu ya zumari. Zumari ina ulimi wa vipande viwili vinavyogusana na kutetemeka kinywani mwa mpigaji. Klarineti ina ulimi mmoja tu, kipande chembamba cha tete kilichofungwa juu ya mdomo wa chombo. Mpigaji akipuliza, ulimi huo hufunga na kufungua njia ya pumzi mara mamia katika nukta moja, na hewa iliyomo ndani ya bomba hutetemeka pamoja nao. Vidole huziba na kuzibua matundu, na hivyo bomba huwa kama limefupishwa au kurefushwa. Bomba fupi hutoa sauti nyembamba, bomba refu hutoa sauti nene.

Fundi aliyeibuni ni Johann Christoph Denner, mtu wa mji wa Nuremberg katika Ujerumani, yapata mwaka 1700. Lakini mti wa klarineti nzuri hautoki Nuremberg, wala hautoki Ulaya. Ni mpingo, mti uleule ambao Wamakonde huuchonga vinyago. Mafundi wa Ulaya walijaribu miti mingi, na mpingo ukaishinda, maana ni mzito hata ukitupwa majini huzama, na uzi wake umeshikamana sana, kwa hiyo matundu yakitobolewa kwa uangalifu hubaki vilevile, hayapanuki upesi kwa unyevu wa pumzi. Mpingo mwingi unaofaa kazi hiyo hutoka Tanzania na Msumbiji. Basi klarineti inapolia katika jumba la muziki la Paris au New York, huenda mti unaolia umekatwa katika misitu ya Kilwa.

Sasa tuitazame piano. Chombo hiki kilibuniwa na Bartolomeo Cristofori, mtu wa Italia, naye pia yapata mwaka 1700. Ndani yake mna nyuzi za chuma zaidi ya mia mbili zilizokazwa sana. Ukibonyeza kibao kimoja, nyundo ndogo iliyovikwa kitambaa huruka, hupiga uzi wake, kisha hurudi nyuma mara moja ili uzi uachwe huru kulia. Ukibonyeza polepole sauti ni ndogo, ukibonyeza kwa nguvu sauti ni kubwa. Vibao vya piano ya siku hizi ni 88, vyeupe 52 na vyeusi 36.

Vibao vile vyeupe zamani vilivikwa pembe ya ndovu. Katika karne ya 19 wapagazi walizichukua pembe mabegani kutoka Tabora na Ujiji mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi. Kutoka hapo zikavushwa Unguja, na wafanyi biashara wa Marekani wakazinunua. Zilipelekwa katika jimbo la Connecticut, kwenye miji midogo miwili, Deep River na Ivoryton, na jina la huu wa pili maana yake ni mji wa pembe. Huko zilipasuliwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani katika nyumba za vioo mpaka zikawa nyeupe, ndipo zikabandikwa juu ya vibao. Wasichana wa Marekani walijifunza nyimbo juu ya pembe hizo bila ya kujua ni ndovu wangapi waliouawa, wala ni wapagazi wangapi walioanguka njiani. Siku hizi vibao huvikwa plastiki, na tangu mwaka 1989 mataifa yamekubaliana kukataza biashara ya pembe ulimwenguni.

Nimeyaeleza haya kwa sababu. Kijana yule alidhani amesikia vitu vya kigeni. Kumbe alikuwa akisikiliza mti wa kwao, ukizungumza na chombo ambacho ndugu zake wa zamani walikibebea pembe.

Lakini kwa nini vyombo hivi viwili hupatana? Ni kwa sababu kila kimoja kinacho alichonyimwa mwenzake. Klarineti haiwezi kutoa ila sauti moja kwa wakati mmoja, kama mtu aimbaye peke yake. Piano huweza kutoa sauti kumi pamoja, kama kwaya nzima. Tena sauti ya piano ikishapigwa huanza kufa palepale, wala mpigaji hawezi kuikuza. Klarineti huweza kuanza kwa mnong'ono, ikakua mpaka ikawa kelele, kisha ikarudi kuwa mnong'ono, yote kwa pumzi moja. Na jambo la tatu: piano haiwezi kuteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine, lakini klarineti huweza kuteleza, kukwaruza, kucheka na kulia kwa kwikwi. Basi mmoja hujenga nyumba, na mwenzake hukaa ndani yake.

Muziki wa kwanza aliousikia kijana, ule uliofanana na taarab, huitwa klezma. Ni muziki wa arusi wa Wayahudi waliokaa Ulaya ya mashariki, katika Poland, Ukraine, Romania na nchi za jirani. Kufanana kwake na taarab si ndoto ya mwanafunzi wangu. Wanamuziki wale walikaa karibu na watu wa Uturuki, na ngazi moja ya sauti waipendayo sana inafanana na ile ambayo Waarabu huiita hijazi, ambayo wapigaji wa udi na wa kanuni wa Unguja huijua vema. Klarineti ilipendwa na Wayahudi hao kwa kuwa huweza kulia kama sauti ya mwombaji katika sinagogi.

Muziki wa pili ni jazz. Huu ulizaliwa na watu weusi wa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee wao walikuwa watumwa waliotolewa Afrika. Walichukua tarumbeta na klarineti za bendi za askari, wakazipigisha kwa mapigo yao wenyewe, na kila mpigaji akapewa ruhusa ya kutunga palepale mbele ya watu.

Muziki wa tatu ni ule wa Ulaya uandikwao karatasini. Mozart aliandika muziki mkuu wa klarineti na okestra mwaka 1791, mwaka aliokufa. Brahms naye alikuwa amekwisha kusema kuwa ataacha kutunga, lakini alipomsikia mpigaji mmoja wa klarineti, jina lake Richard Mühlfeld, alirudi kazini, na mwaka 1894 akaandika vipande viwili vya klarineti na piano ambavyo hupigwa hata leo.

Muziki wa namna hizi tatu ulikutana katika mtu mmoja, nami nitawasimulia habari zake kwa kuwa ndizo zinazolijibu swali. Benny Goodman alizaliwa Chicago mwaka 1909, katika nyumba ya Wayahudi maskini waliohamia kutoka dola ya Urusi, yenye watoto wengi. Alianza kujifunza klarineti katika sinagogi, akiwa mtoto wa miaka kama kumi. Baadaye alifundishwa na Mjerumani mzee, Franz Schoepp, aliyefundisha muziki wa kuandikwa, na ambaye hakumkataa mwanafunzi kwa rangi yake. Jimmie Noone na Buster Bailey, wapigaji weusi waliopata sifa katika jazz, nao walikuwa wanafunzi wake. Basi kijana huyu alisoma kwa Mjerumani mchana, na usiku akaenda kuwasikiliza watu weusi wakipiga jazz.

Mwaka 1935 Goodman alianza kupiga pamoja na Teddy Wilson, mpigaji piano mweusi ambaye wazazi wake walifanya kazi katika chuo cha Tuskegee. Walikuwa na mtu wa tatu, Gene Krupa, mpiga ngoma, lakini mazungumzo yenyewe yalikuwa ya klarineti na piano. Siku zile katika Marekani ilikuwa ni vigumu mno mweupe na mweusi kukaa jukwaani pamoja mbele ya watu. Walipofanya hivyo katika hoteli moja ya Chicago mwaka 1936, lilikuwa jambo la kushangaza. Tarehe 16 Januari 1938 waliingia katika jumba la Carnegie, New York, mahali palipozoea muziki wa Ulaya, wakapiga jazz, na usiku uleule ukasikika na wimbo wa Kiyahudi. Mwaka huohuo Goodman alipiga muziki wa Mozart katika santuri, na Bartók, mtungaji wa Hungaria, akamwandikia kipande cha klarineti, fidla na piano.

Tazameni, basi. Mtu huyu alichanganya, lakini hakuchanganya kwa uvivu. Alikwisha kujifunza kila kimoja kwa mwenyewe anayekijua. Wala Wilson hakuacha kuwa Wilson ili apatane naye. Uji ukitiwa maji na mtu asiyejua kupika huharibika. Mchuzi una viungo saba, na kila kimoja kinatambulikana ulimini.

Sasa turudi Kariakoo. Jina lenyewe ni la mchanganyiko: ni neno la Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Wajerumani walijenga jengo la soko kabla ya vita vya 1914. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaliweka kikosi cha wapagazi hapo, na makumi ya maelfu ya watu wa namna yao walikufa katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki. Soko lilianza mwaka 1923. Katika mitaa hiyo, watu wa makabila yote walikutana, na ngoma zao zikakutana.

Palikuwa na beni, neno lililotoka katika neno la Kiingereza la bendi. Ngoma hii ilianza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea mpaka bara. Wachezaji walivaa mavazi ya kiaskari, wakajipa vyeo vya mfalme na jemadari, wakashindana makundi mawili, Marini na Arinoti. Mwaka 1932 ikaanza Dar es Salaam Jazz Band. Hao hawakupiga jazz ya New Orleans. Neno jazz kwao lilikuwa na maana ya muziki wa dansi wa kisasa. Tangu mwaka 1933 zikaja santuri za GV zenye rumba ya Cuba, na vijana wakaipenda mara moja, maana mapigo yale yalikwenda Cuba pamoja na watumwa kutoka Afrika. Ilikuwa kama ndugu aliyepotea kurudi nyumbani amevaa kofia ngeni. Na mwaka 1964 ilianza bendi iliyoitwa NUTA Jazz. Jina lake la leo ni Msondo Ngoma. Saksafoni na tarumbeta zimo bado, lakini jina limerudi kwenye ngoma.

Ndipo nami ninamjibu mwanafunzi wangu. Kuchanganya si kuharibu. Kinachoharibu ni kusahau. Katika vita vya mwaka 1939 mpaka 1945 utawala wa Hitler uliwaua Wayahudi wapatao milioni sita, na vijiji vilivyopiga klezma vikafutika pamoja na wapigaji wake. Nyimbo zilizosalia zilisalia katika santuri za zamani na katika vichwa vya wazee waliokwisha kuhamia Marekani. Katika miaka ya 1970 vijana waliwaendea wazee hao. Dave Tarras, mpigaji wa klarineti aliyezaliwa mwaka 1897, alimfundisha kijana Andy Statman, aliyekuwa tayari mpigaji wa muziki mwingine. Kama vijana wale wangalichelewa miaka ishirini, wangalikuta makaburi tu.

Na sisi je? Ni wangapi Kariakoo leo waziwezao nyimbo za Marini na Arinoti? Nani kijijini kwako ajuaye kupiga zumari, na nani anayejifunza kwake? Swali hilohilo lahusu mti. Mpingo huchukua miaka sabini au zaidi hata kufaa kwa klarineti. Mwaka 2009 vijiji katika wilaya ya Kilwa vilipata hati ya kimataifa ya utunzaji wa misitu, ili wakate kwa kipimo na fedha ibaki kijijini. Huo ni mfano mwema. Aukataye mpingo leo bila ya kuacha miche anamnyima mjukuu wake, na aachaye mzee afe na nyimbo zake amefanya vivyo hivyo.

Basi, kijana, sikiliza klarineti na piano bila ya hofu. Kisha nenda kwa babu yako na karatasi na kalamu, ukamwombe akuimbie. Ukishakujua kwenu, changanya utakavyo.