Neno "Fit" la Kiingereza: Asili Yake, Maana Zake na Tatizo la Kulifasiri

Mfasiri yeyote wa Kiswahili aliyewahi kukabiliana na neno "fit" la Kiingereza anajua jinsi neno hilo, kwa ufupi wake wote, linavyosumbua. Mtoto mwenye homa kali akikakamaa na kutupatupa viungo, husemwa kuwa amepata "fit". Mzee anayekohoa bila kupumua husemwa kuwa katika "fit". Mtu akighadhibika ghafla, akicheka pasipo kujizuia, au bahili akiwa mkarimu kwa siku moja tu, Mwingereza hueleza hali zote hizo kwa neno lilo hilo. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno hili, na kisha kuonyesha kwamba kulitafutia kisawe kimoja cha Kiswahili ni kosa ambalo, katika uwanja wa tiba, laweza kugharimu uhai.

Hapana budi kwanza kutenganisha maneno yanayolingana kwa sauti tu. Kuna "fit" ya sifa, yenye maana ya kufaa au kuwa na siha. Hii ndiyo iliyoingia katika Kiswahili cha mitaani kwa umbo la "fiti", na kwa hiyo asemaye "niko fiti" anajisifu kwa afya njema. Kuna pia "fit" ya kale iliyotaja sehemu ya shairi refu. Dibaji ya Kilatini inayohusishwa na Heliand, utenzi wa Kisaksoni wa karne ya 9, hutumia neno la jamii hiyo kutaja sehemu za utenzi. Lewis Carroll alipotoa The Hunting of the Snark mwaka 1876, alizipa sehemu nane za shairi lake jina hilo, akicheza na maana mbili kwa pamoja: sehemu ya utungo na mshtuko wa ghafla.

"Fit" ya tatu, yaani hiyo ya mshtuko, ndiyo inayohusika hapa. Aghalabu hunasibishwa na neno la Kiingereza cha Kale "fitt", lililokuwa na maana ya pambano, ambalo ni nadra sana katika maandishi yaliyosalia. Kufikia karne ya 14, enzi ya Chaucer, lilitumika kwa mkasa mzito unaompata mtu. Katika karne ya 16 likashikamana na ugonjwa unaokuja na kuondoka, hasa ile homa ya vipindi iliyowasumbua wakazi wa nchi za kinamasi kama Kent na Essex. Homa hiyo ilimtetemesha mgonjwa, ikamwachia siku moja au mbili, kisha ikarudi. Wataalamu wa leo wanaitambua kuwa kwa sehemu kubwa ilikuwa malaria, ugonjwa uliokuwa ukienea Uingereza kabla ya kutoweka huko. Kila rudio la homa lilikuwa "fit" moja.

Ushahidi mzuri umo katika tamthilia za Shakespeare. Katika Julius Caesar, ya mwaka 1599, Cassius anasimulia jinsi Kaizari alivyoshikwa na homa huko Hispania, na anatumia "fit" kwa ule mtetemeko wa homa. Katika onyesho lilo hilo ugonjwa wa kuanguka wa Kaizari unatajwa kwa jina jingine kabisa. Miaka michache baadaye, katika Othello, mwandishi yule yule analitumia "fit" kwa tukio linaloitwa kifafa waziwazi. Na sifa "fitful", ambayo kutokea kwake kwa kwanza kunakojulikana ni katika Macbeth, inapambanua homa. Hatimaye neno likavuka mipaka ya maradhi na kuingia katika hasira, kicheko, uvivu na ukarimu: lolote linalozuka ghafla, likamtawala mtu kwa muda, kisha likapita.

Tamthilia hizo mbili za Kaizari na Macbeth zimefasiriwa kwa Kiswahili: ya kwanza na Mwalimu Nyerere mwaka 1963, na tena kwa marekebisho mwaka 1969, ya pili na S. S. Mushi mwaka 1968. Kwa mfasiri wa matini kama hizo, somo ni dhahiri. Anayeona "fit" na kukimbilia "kifafa" atampa Kaizari, katika simulizi ya Hispania, ugonjwa ambao Cassius hakuutaja pale.

Kiswahili chenyewe hakikosi uwezo wa kueleza dhana hii, ila hukiweka chombo chake mahali pengine. Kiingereza hutegemea nomino. Kiswahili hutegemea kitenzi, hasa katika kauli ya kutendwa. Mtu hushikwa na homa, hupandwa na hasira, hubanwa na kikohozi, huangua kicheko. Kazi isiyoendelea kwa mfululizo husuasua. Mpandwa na hasira ndiye kiima cha sentensi, lakini hasira ndiyo itendayo. Hapa Kiswahili kinakubaliana na Kigiriki, ambacho jina lake la kifafa limetokana na kitenzi chenye maana ya kukamata.

Ugumu halisi umo katika maandishi ya afya. "Kifafa", neno ambalo wengi hulihusisha na kitenzi "fa", hutaja ugonjwa wa kudumu unaojirudia. "Degedege" hutaja mshtuko wa mtoto mchanga au mdogo, aghalabu mwenye homa, na umbo lake linakumbusha ndege. Vivyo hivyo "nyuni", neno la kale la ndege katika pwani, limetumika pia kwa maradhi hayo ya watoto. Majina haya yamebeba imani kwamba ndege au pepo amempitia mtoto, na kwa hiyo dawa yake iko kwa mganga.

Basi kijitabu kikiandika "kifafa" palipo na "fit" ya homa, mzazi ataamini kwamba mwanawe ana ugonjwa wa maisha. Kikiandika "degedege" bila maelezo, huenda mzazi akaanza kwa mganga, ilhali malaria iliyofika ubongoni haingoji. Njia ya salama ni kueleza kinachoonekana, kutaja jina ambalo watu wanalijua, na kusema la kufanya: mtoto mwenye homa akikakamaa au kutupatupa mikono na miguu, hali ambayo wengi huiita degedege, apelekwe hospitali mara moja. Maneno yameongezeka, lakini maana haikupotea.

Kulikopa neno lenyewe nako hakufai, maana "fiti" imekwisha kushika kiti cha afya njema. Mama akiambiwa kwamba mwanawe amepata "fiti", atashukuru badala ya kukimbia. Kisawe cha "fit", kwa hiyo, hakipatikani katika safu ya pili ya kamusi. Hupatikana katika swali ambalo mfasiri hana budi kujiuliza kila mara: ni nini kimemshika mtu huyu, na msomaji afanye nini akishajua?