Mafuriko Hayapigi Hodi

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, maji yanaweza kuingia nyumbani pasipo wingu lolote juu ya paa. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam huanzia kwenye vilima vya Pugu. Mvua ikinyesha sana huko, walioko bondeni Jangwani wanaweza kuona maji yakipanda ilhali kwao ni pakavu.

Desemba 2011 mafuriko ya jiji hilo yaliua watu wapatao 40 na kuacha maelfu bila makazi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi na mapema, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Saa kama hiyo hakuna nafasi ya kushauriana.

Sisi wauguzi tunaosaidia kuwapokea waliokimbilia kwenye madarasa na kumbi za makanisa tunaona jambo moja tena na tena: godoro limeokolewa, televisheni imeokolewa, lakini dawa za bibi za shinikizo la damu zimebaki kabatini. Si kwamba bibi hapendwi. Ni kwamba hakuna aliyeambiwa mapema kuwa dawa hizo ni jukumu lake.

Kikao cha familia

Akina mama wenzetu, tuanze hapa. Kila asiyeweza kukimbia mwenyewe apewe mtu wake kwa jina: nani atambeba mtoto, nani atamshika mkono babu, nani atamsaidia mwenye ulemavu. Tusimwachie baba kila kitu, huenda siku hiyo yuko safarini. Dada wa kazi naye aketi kikaoni, kwani mara nyingi ndiye anayebaki na watoto.

Chagueni mahali pa kukutania palipoinuka: shule, kanisa, au kwa ndugu. Nendeni huko kwa miguu mchana, pamoja na watoto, kwa njia isiyovuka korongo wala daraja. Mjamzito wa miezi ya mwisho anayeishi bondeni ni vema ahamie mapema kwa ndugu walio karibu na hospitali, kabla masika hayajakolea.

Mfuko wa kuondokea

Uwe wa mgongoni, ili mikono ibaki huru kushika watoto. Utundikwe kwenye msumari karibu na mlango, usiwekwe uvunguni ambako maji hufika kwanza. Ndani yake tuweke:

- Dawa za kila siku za angalau wiki moja, na karatasi yenye majina na vipimo vyake. Dawa za kisukari, kifafa, kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI zisikatishwe. Dawa zinazotakiwa kukaa kwenye baridi zichukuliwe dakika ya mwisho.
- Kadi za kliniki, kadi ya bima, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na hati ya kiwanja, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.
- Namba za simu za ndugu kwenye karatasi, kwa maana simu huzima chaji.
- Maji ya kunywa, tochi, filimbi, sabuni, pedi, na pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini.
- Kanga mbili. Kanga ni mbeleko, shuka, pazia na bandeji.

Saa ya kuondoka

Tusikilize tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mto ukianza kupanda, tuondoke. Tusingoje maji yafike kizingitini. Funga gesi. Zima umeme kwenye swichi kuu endapo tu mikono yako ni mikavu na husimami majini. Usivuke maji yanayokwenda kasi: yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukizingirwa, panda juu, piga filimbi, na piga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya polisi. Ukishatoka, usirudi kufuata kitu.

Huko mnakofikia

Baada ya mafuriko huja kuhara na kipindupindu. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto akihara na pakiti zimekwisha, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mpe kidogokidogo, endelea kumnyonyesha, na mpeleke kituo cha afya. Wasichana walale karibu na mama zao, wala wasiende chooni peke yao usiku. Mwenye dawa za kila siku amwambie muuguzi siku hiyohiyo, bila kuona haya.

Nuhu hakungoja matone ndipo atafute mbao. Nasi jioni moja wiki hii, baada ya chakula, tuwaite wote wa nyumbani, tugawane majukumu, na tupigilie ule msumari karibu na mlango. Godoro litanunuliwa jingine. Bibi hatupati mwingine.