Projekta ya sebuleni: boksi linasema 9,000, ukuta unasema 150

MWENYE kipato cha kati anayetaka sinema nyumbani kwake hakosi cha kununua akifika Kariakoo. Katika maduka ya vifaa vya umeme ya mtaa wa Aggrey na mitaa jirani, projekta ndogo zimepangwa mezani pamoja na chaja za simu na sabufa, na kila boksi limeandikwa tarakimu za kumvutia mpita njia: lumeni 6,000, lumeni 9,000, lumeni 12,000. Pembeni yake kuna maneno "4K" na picha ya familia iliyokaa mbele ya ukuta unaong'aa kama jua la mchana. Bei hutajwa juu, kisha hushuka kadiri mteja anavyoelekea mlangoni.

Shemeji yangu anayeishi Tabata hakufika mlangoni. Alitoa shilingi 350,000 akaondoka na boksi la lumeni 9,000. Fedha hizo zilikuwa za dada yangu, zamu yake ya upatu, na zilikwishapangiwa jokofu. Hoja ya shemeji ilikuwa kwamba kwa fedha hizo hapati runinga ya maana, lakini projekta itampa inchi 120, kwa hiyo jokofu lisubiri zamu ijayo. Jumamosi iliyofuata, saa kumi alasiri, watoto na majirani walikusanyika kutazama mpira. Kilichoonekana ukutani ni rangi ya kijani iliyopauka na vivuli vinavyokimbia. Mpira wenyewe haukuonekana kabisa. Dada hakusema neno, alinyanyuka akaenda jikoni. Siku ya Jumatatu muuzaji alimjibu shemeji kwamba mali iliyofunguliwa hairudishwi.

Nilipokwenda kukitazama chombo hicho nilikuta ndani ya kijitabu cha maelezo, ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: "150 ANSI". Hiyo ndiyo tarakimu aliyoinunua. Ile ya 9,000 ilikuwa ya boksi.

Tofauti ya tarakimu hizi mbili si ya lugha bali ya kipimo. Lumeni ni kiasi cha mwanga. Lumeni za ANSI hupimwa ukutani baada ya mwanga kutoka kwenye lenzi: picha nyeupe hugawanywa katika sehemu tisa zilizo sawa, mwanga hupimwa katika kila sehemu, wastani huchukuliwa na kuzidishwa kwa eneo la picha. Kipimo cha kimataifa cha ISO 21118 kinafuata njia ya namna hiyohiyo, na kampuni kubwa huandika kimojawapo kati ya viwili hivyo. Lumeni za boksi zisizo na jina la kipimo zinaweza kuwa chochote. Pengine ni mwanga wa taa yenyewe kabla haujapita kwenye kioo cha ndani, ambacho hula sehemu kubwa ya mwanga huo. Pengine ni tarakimu tu iliyompendeza mchapaji. Projekta nyingi za daraja hili, zenye taa ya LED na kioo kimoja cha LCD, zikipimwa kwa ANSI hazifiki lumeni 200. Kampuni ya Epson ya Japani imewahi kuzifikisha mahakamani nchini Marekani kampuni kadhaa za projekta kwa madai ya kuongeza tarakimu hizi, kwa hiyo mnunuzi wa Kariakoo asidhani ni yeye pekee aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa tupige hesabu, maana ukurasa huu ni wa hesabu. Picha ya inchi 120 ina upana wa mita 2.66 na kimo cha mita 1.49, yaani eneo la karibu mita nne za mraba. Lumeni 150 zikitawanywa humo, kila mita ya mraba inapata lumeni 38. Sebule yenye madirisha wazi saa kumi alasiri hupata ukutani, kwa urahisi kabisa, lumeni 100 au zaidi kwa kila mita ya mraba kutoka nje. Kwa maneno mengine jua lilikuwa linaonyesha sinema yake juu ya sinema ya shemeji, na jua lilishinda.

Katika giza hesabu hubadilika. Majumba ya sinema yanalenga mng'ao wa kandela 48 kwa mita ya mraba. Ili kuufikia katika chumba chenye giza totoro na ukuta mweupe, picha ya inchi 120 inahitaji lumeni 600 za kweli. Inchi 100 inahitaji kama 420. Inchi 60 inahitaji 150 tu. Ndiyo kusema projekta ya shemeji si takataka: ni projekta ya inchi 60, usiku, mapazia yakiwa yamefungwa. Kosa ni kuuzwa kama ya inchi 120 mchana. Na inchi 60 za usiku tu, kwa shilingi 350,000, ni biashara ambayo dada yangu angeikataa hata kabla ya kuvaa viatu.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei. Liwe: nitatazama saa ngapi? Familia inayowasha runinga kuanzia katuni za asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku, milango wazi na watu wakiingia na kutoka, inunue runinga, hata ikiwa ndogo. Runinga ya kawaida hutoa kandela 250 na zaidi kwa mita ya mraba, na kioo chake hubaki cheusi panapotakiwa weusi. Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi wake ni rangi ya ukuta ulivyo wakati huo, na ukuta wa mchana ni mweupe. Projekta ni chombo cha mtu mwenye saa zake mbili au tatu za usiku na chumba anachoweza kukitia giza.

Hadaa ya pili ni hiyo "4K". Maneno haya kwenye boksi la bei nafuu humaanisha kwamba chombo kinapokea mkanda wa 4K. Hayamaanishi kwamba kinaonyesha nukta zote za mkanda huo. Ndani mwake kioo kinaweza kuwa na nukta 800 kwa 480, ambazo jumla yake ni 384,000. Picha kamili ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili, zaidi ya mara tano ya hizo. Ipo njia ya kuthibitisha bila kuwa fundi: nenda na laptopu na waya wa HDMI, fungua barua yenye herufi ndogo, itupe ukutani dukani. Herufi zikiwa na ukungu hata baada ya lenzi kurekebishwa vizuri, nukta hazitoshi. Muuzaji akitaka kukuonyesha katuni zake zilizomo kwenye flashi, mshukuru na uendelee na barua yako. Katuni huficha mengi.

Wenye subira, kwa maoni ya mwandishi huyu, wangetafuta projekta za maofisini zilizotumika, ambazo huingia nchini pamoja na kompyuta za mitumba. Hazina sura ya kuvutia na boksi hakuna. Lakini nyingi ni za lumeni 2,500 au 3,000 zilizopimwa, na taa yake inahesabiwa kuwa imefika mwisho wa umri inapobakiza nusu ya mwanga. Hata hiyo nusu, 1,250, ni karibu mara tatu ya kinachohitajika kwa inchi 100 gizani. Dosari zake zipo. Za zamani zina nukta 1024 kwa 768, umbo la mraba la runinga za zamani, hivyo sinema huacha mistari myeusi juu na chini. Zilizo na 1280 kwa 800 ni bora zaidi. Kabla ya kulipa, fungua orodha ya mipangilio kwa rimoti, tafuta palipoandikwa saa za taa, na usome mwenyewe. Taa za namna hii kwa kawaida hupewa umri wa saa 4,000 au zaidi kidogo. Ikiwa imekwishawaka 3,500, bei ya taa mpya iondolewe kwenye bei ya projekta papo hapo mezani. Muuzaji anayesema saa hizo zimefutwa ili kuanza upya, mwache na mali yake.

Gharama ya kuitumia haitishi kama watu wanavyosema. Tuseme taa mpya ni shilingi 150,000 na itawaka saa 4,000: hiyo ni kama shilingi 37 kwa saa. Projekta ya wati 280 inakula uniti 0.28 kwa saa, na kwa mteja wa TANESCO anayelipa karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni shilingi 100. Umeme unaizidi taa. Wa kuwa macho ni mteja wa matumizi madogo wa daraja la D1, ambaye haruhusiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi: saa tatu kila usiku ni uniti 25 kwa mwezi, theluthi nzima ya posho yake, na akivuka atahamishiwa bei ya juu kwa kila kitu, pasi na friji pia. Aidha umeme ukikatika ghafla feni husimama wakati taa bado ina moto mkali, na hilo hupunguza umri wake. Hapo projekta za LED zina nafuu, kwani taa yake huhesabiwa saa 20,000 au 30,000, ingawa katika zile za bei ya chini vumbi huingia ndani na kuacha madoa kwenye picha kabla taa haijachoka.

Pima chumba pia. Projekta nyingi za daraja hili zinahitaji umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ukitoa nafasi ya chombo chenyewe, kinabakiza mita 2.7, na hiyo ni picha ya inchi 80 hivi. Anayekuahidi inchi 200 hajaingia chumbani kwako. Sauti iliyomo ndani ni ya redio ndogo, sabufa yako ya zamani itafaa zaidi. Ukuta upakwe rangi nyeupe ya maji, isiyong'aa, kwa sababu rangi ya mafuta huleta mng'ao unaoumiza macho.

Kuhusu lile jibu kwamba mali iliyofunguliwa hairudishwi, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Lakini mlalamikaji huenda na ushahidi, na ushahidi ni risiti ya EFD iliyoandikwa aina ya chombo na lumeni zilizoahidiwa. Shemeji alipewa karatasi ya daftari yenye neno "projekta" na bei. Ameisogeza meza hadi picha ikawa inchi 60, na usiku hutazama vizuri. Zamu ya upatu ya dada itarudi baada ya miezi kumi na moja, na safari hii amesema ataipokea mwenyewe.