KIKO CHA GUNZI LA MAHINDI: MAMBO YA KUANGALIWA KABLA YA KUKICHAGUA

Kiko cha gunzi la mahindi ni rahisi kuliko karibu viko vingine vyote, na kwa sababu hiyo humvutia mtu anayetafuta kiko kwa mara ya kwanza. Lakini urahisi huo huwafanya watu wakichague ovyo, kana kwamba gunzi ni gunzi tu. Sivyo. Gunzi moja hudumu miezi mingi, na jingine huungua siku ya pili. Mrija mmoja hupitisha moshi vizuri, na mwingine humjaza mvutaji maji machungu kinywani. Tena katika nchi kavu kama Turkana, kiko kibovu chaweza kuleta hasara kubwa kuliko bei yake. Basi yafaa tueleze jinsi kiko cha namna hii kinavyochaguliwa, na mambo ambayo imempasa mtu kuyapima kabla hajakitia mdomoni.

Tumbaku katika Turkana

Kwa Waturkana tumbaku, iitwayo etaba kwa lugha yao, ni kitu cha heshima tangu zamani. Mgeni amwendeaye mzee na kipande cha tumbaku hupokewa kwa uso mkunjufu. Lakini wengi huitafuna, mara nyingi pamoja na magadi, au huinusa ikiwa ugoro.

Huko Kakuma, kilometa 120 hivi kutoka Lodwar kwa upande wa kaskazini magharibi, mambo ni mengine kidogo. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992 wamekaa huko watu wengi wa Sudan Kusini, na miongoni mwa Wadinka na Wanuer wako wazee, wanaume kwa wanawake, wanaovuta viko virefu vyenye bori la udongo. (Bori ni ile sehemu ya kiko inayoshika tumbaku.) Kwa hiyo mtu aweza kukiona kiko kwa jirani yake akakitamani, na mzee ambaye meno yamemwisha, hata hawezi tena kutafuna, huenda akafikiri kwamba kiko ndicho kitakachomfaa.

Asili ya kiko hiki

Mahindi na tumbaku ni mimea iliyotoka Amerika, wala si ajabu kwamba huko ndiko kiko cha gunzi kilikopata sifa. Mwaka 1869, katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, fundi wa kukereza mbao aliyeitwa Henry Tibbe, mzaliwa wa Uholanzi, alianza kutengeneza viko vya magunzi na kuviuza. Mwaka 1878 alipewa hati ya kulinda ufundi wake wa kuziba matundu ya gunzi kwa plasta, ili lisiungue upesi. Kampuni yake, ambayo tangu mwaka 1907 inaitwa Missouri Meerschaum, ingali ikifanya kazi hiyo. Hutumia mahindi ya mbegu maalumu yenye gunzi nene, na magunzi hayo huweza kukaushwa hata miaka miwili kabla ya kuchongwa.

Neno “meerschaum” ni jina la madini meupe, mepesi, yanayochongwa viko vya thamani. Madini hayo yapo hapa kwetu Afrika Mashariki, katika nchi ya Amboseli mpakani mwa Kenya na Tanzania. Katika miaka ya 1950 na 1960 yalichimbwa na kuchongwa viko Arusha, navyo viliuzwa hata ng'ambo kwa jina la “Kiko”. Fundi Tibbe alitaka mtu asiye na fedha nyingi naye apate kiko chepesi chenye moshi usio mkali sana, na gunzi likampa njia.

Namna ya kuchagua gunzi

Lodwar ni nchi ya joto na mvua haba, na mahindi hulimwa zaidi mahali penye maji ya kumwagilia, kama vile Katilu katika bonde la mto Turkwel. Mahindi mengine huletwa kutoka upande wa Kitale, safari ya karibu kilometa 300. Mara nyingi hufika yakiwa yamekwisha kupukuchuliwa. Basi anayetaka kutengeneza kiko chake hana budi kulitafuta gunzi penye shamba. Lakini awe anakitengeneza au anakinunua tayari, aangalie mambo haya:

Kwanza, gunzi liwe limekomaa na kukauka juu ya bua. Gunzi la hindi bichi la kuchoma ni laini, nalo likikauka hunywea na kupasuka. Libonyeze kwa kidole gumba; likibonyea, liache.

Pili, linuse. Gunzi lenye harufu ya ukungu halifai, wala lenye matundu ya wadudu. Tena usitumie kamwe gunzi lililokaa katika ghala lenye mahindi yaliyotiwa dawa ya kuulia wadudu, maana sumu hiyo utaivuta pamoja na moshi.

Tatu, tazama unene wa ukuta wa bori, pande zote na chini. Tundu likichimbwa upande mmoja zaidi ya mwingine, upande mwembamba utakuwa moto hata usishikike, kisha utatoboka. Kitako nacho kiwe kinene, kwa kuwa ndipo moto unapoishia.

Nne, tazama mahali mrija unapoingilia. Tundu lake liwe chini kabisa, karibu na kitako cha bori. Likiwa juu, tumbaku ya chini haitaungua, nayo itakusanya maji meusi yenye uchungu.

Tano, vuta hewa kwa mrija kabla ya kutia tumbaku. Hewa ipite bila kazi, wala isivuje pale mrija unapokutana na gunzi. Mrija wa mwanzi au wa mti mkavu usio na utomvu wafaa. Mti wenye maziwa kama mnyaa ni hatari. Mpira na plastiki pia hazifai, kwa maana zikipata moto hutoa moshi wenye sumu.

Sita, anayeanza achague bori dogo. Bori kubwa humfanya atie tumbaku nyingi, akazunguliwa na kichwa na kutapika.

Kukitunza kiko

Kiko kipya kisijazwe. Mara za kwanza tia tumbaku nusu tu, uvute polepole, mpaka ndani yake pafanye utando mwembamba wa masizi unaolikinga gunzi. Utando huo usikwanguliwe kwa kisu. Baada ya kutumia, mwaga majivu, pitisha unyoya mkavu katika mrija, kisha kiache kiko kipumzike hata kesho yake ili gunzi likauke. Usikioshe kwa maji, kwa sababu gunzi hufyonza maji na kuvimba.

Kwa joto la Lodwar, tumbaku ikiachwa wazi hukauka ikawa kama unga, nayo huwaka kwa ukali na kuchoma ulimi. Iwekwe katika kopo lenye kifuniko kinachokaza, mbali na watoto.

Hatari ya moto

Mwenye kutafuna tumbaku hana moto mkononi. Mwenye kiko anao. Nyumba nyingi za Turkana huezekwa kwa makuti ya mkoma, uitwao eng'ol, na katika kambi ya Kakuma nyumba zimekaribiana. Upepo ukichukua cheche moja, wataunguliwa na watu wengi wasiovuta chochote. Basi kiko kisivutwe ndani ya nyumba wala kitandani. Kiwe na kifuniko kidogo chenye matundu wakati wa upepo, na majivu yafukiwe mchangani hata yazimike kabisa.

Madhara kwa mwili

Yako maneno yasemwayo kwamba kiko hakidhuru kwa kuwa moshi wake haushushwi kifuani. Maneno hayo si kweli. Moshi wa kiko huleta saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu. Uvutaji humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa wepesi zaidi, na moshi huwadhuru pia watoto na mama mjamzito waliokaa karibu. Duniani kote tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Mzee anayeacha kutafuna ili avute kiko hajaiacha hatari. Ameihamisha kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, na kuvuta mahali pa watu wote isipokuwa palipotengwa.

Wahenga walisema, mazoea yana tabu. Nikotini iliyomo katika tumbaku humfunga mtu, na kiko cha bei ndogo humfunga sawasawa na kile cha bei kubwa. Kwa hiyo kijana ambaye hajaanza asidanganywe na urahisi wa gunzi. Fedha hiyo ina kazi nyingine. Na aliyekwisha kuzoea, akitaka kuacha, aende akaulize shauri katika zahanati iliyo karibu naye. Ikiwa bado anavuta, basi angalau achague gunzi gumu, kavu na safi, avute nje ya nyumba mbali na watoto, na ahakikishe kwamba moto wake umezimika kabla ya kwenda kulala.