Usitupe mabaki ya sufu, kuna kichwa kinayasubiri

Ukipita barabara ya Musanze kwenda Rubavu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hasa katika miezi ya Juni na Julai, utakutana na misururu ya wanafunzi wakielekea shuleni. Wamevaa masweta ya shule, viganja wamevificha ndani ya mikono ya sweta, na wengine wanakimbia si kwa kuchelewa bali kwa kutafuta joto. Vichwa viko wazi, na kwa desturi ya shule zetu vimenyolewa.

Baridi ya huku chini ya milima ya volkano si ile ya theluji ya Ulaya. Hata hivyo alfajiri joto hushuka hadi nyuzijoto 10 hivi, na kule Kinigi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ukungu hukaa mpaka kengele ya kwanza imeshalia. Mwalimu yeyote wa maeneo haya anajua kwamba kipindi cha kwanza cha kipupwe hupotea bure. Mtoto anayetetemeka hashiki kalamu vizuri, na asiyeshika kalamu hawezi kuandika imla.

Ni vema niseme mapema kwamba ile habari ya kuwa nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli kwa mtu mzima. Kichwa hupoteza joto kama sehemu nyingine yoyote ya mwili iliyoachwa wazi, kwa kadiri ya ukubwa wake. Kwa mtoto mchanga, mambo ni tofauti. Kichwa chake ni karibu sehemu moja ya tano ya ngozi yake yote, na ndiyo maana wakunga husisitiza afunikwe kichwa mara anapokaushwa. Hata ile njia ya kumlea mtoto njiti kifuani mwa mama, iliyoanza Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 na ambayo wengi huiita kangaruu, inamtaka mtoto avae vitu vichache tu: nepi, soksi na kofia.

Kwa miaka mingi kofia za namna hiyo, ambazo Watanzania huziita mzula na Wakenya boshori, tulizipata katika marobota ya mitumba. Sisi Wanyarwanda mitumba tunaiita caguwa, neno ambalo si lingine bali ni chagua ya Kiswahili iliyovuka mpaka pamoja na mzigo. Mwaka 2016 ushuru wa nguo hizo ulipandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ikakasirika, na mwezi Julai 2018 ikasimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikizipa nguo zetu chini ya mpango wa AGOA. Lengo la kulinda viwanda vya ndani sina ugomvi nalo. Ila katika mjadala wote ule wa mashati na suruali za jinzi, sikumsikia mtu akiuliza kofia ya mtoto itatoka wapi.

Jibu langu ni kwamba nyingi zinaweza kutoka sakafuni kwa mafundi wa masweta. Karibu kila mji wetu una chumba chenye mashine ya kufumia, na fundi anayefanya kazi usiku na mchana shule zinapokaribia kufunguliwa. Kila shule ina rangi yake. Oda ikiisha, hubaki koni yenye uzi kidogo usiotosha hata mkono mmoja wa sweta. Koni hizo hurundikwa pembeni, zikaliwa na vumbi, na mwisho wake huwa ni kufungia mizigo au kutupwa. Ukimwomba fundi kwa adabu atakupa, au atakuuzia kwa bei ya chini. Ndiyo sababu kofia za kufuma kwa mabaki huwa na mistari, na anayezijua shule za wilaya anaweza kuisoma mistari hiyo mmoja mmoja: buluu ya shule ile, kijani ya hii, na damu ya mzee ya sekondari iliyo karibu na soko.

Uzi huo wa mafundi kwa kawaida ni akriliki, yaani plastiki. Ukitaka kuhakikisha, choma kipande kidogo. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, wakati sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Nyumba zetu nyingi mtoto huota moto jikoni asubuhi, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo. Sufu pia hunyonya unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake bila mvaaji kuhisi amelowa, na katika nchi ya ukungu hilo ni jambo kubwa.

Tatizo ni kwamba kondoo wetu wa asili, yule mwenye mkia wa mafuta, ana manyoya mafupi kama ya mbuzi, hayasokoteki. Sufu hutoka kwa kondoo wa kigeni kama merino. Hapa Musanze wapo wanawake wanaoisokota sufu ya merino kwa mkono na kuitia rangi za mimea, na nchini Kenya kazi kama hiyo imefanywa na wanawake wa Nanyuki tangu mwaka 1977. Uzi wao mzuri huenda kwa wateja wenye fedha. Mwanakijiji anayepata sufu ghafi kidogo anaweza kujisokotea mwenyewe: aioshe kuondoa mafuta, aichambue kwa vidole, kisha aisokote kwa kijiti kilichochomekwa kipande cha ubao wa duara. Asokote nyuzi mbili, halafu aziunganishe kwa kuzizungusha upande wa pili. Uzi mmoja uliosokotwa sana hupindisha kofia, mstari uliokusudiwa kunyooka ukazunguka kichwa kama parafujo.

Uzi wa mkono huwa mnene, na wa koni ni mwembamba. Usiuchanganye hivyo hivyo. Shika nyuzi mbili au tatu za koni kwa pamoja mpaka unene ulingane, ndipo ubadilishane rangi. Sindano nazo zifuate uzi. Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tukiwa wakimbizi tulijifunza kufuma kwa spoki za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe, wavulana na wasichana pamoja, kwa kuwa Elimu ya Kujitegemea aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967 haikubagua mikono. Spoki inafaa kwa uzi mwembamba tu. Ukifumia uzi mnene, kofia hutoka ngumu kama ubao. Chonga mwanzi unene wa milimita 6 na uulainishe kwa msasa.

Sasa hesabu. Kwa uzi mnene na sindano hizo, sentimita 10 za upana huchukua takriban vitanzi 14. Kichwa cha mtu mzima ni sentimita 56 hivi, lakini kofia hutanuka, basi ifumwe kwa sentimita 51. Anzisha vitanzi 72. Ukingo ufume vitanzi viwili vya kawaida na viwili vya kinyume, ukirudia hivyo mpaka ufikie sentimita 6, ili uvutike na kushika kichwa. Kisha endelea na mshono wa kawaida mpaka kimo cha sentimita 15.

Juu ndipo watu huogopa, na hakuna cha kuogopa. Gawanya 72 kwa 8, unapata mafungu 9. Katika kila fungu fuma vitanzi 6, halafu viwili uvifume pamoja kama kimoja. Vimebaki 63. Mstari unaofuata usipunguze. Unaofuata tena, fuma 5 na viwili pamoja, vibaki 54. Endelea hivyo, mstari mmoja ukipunguza na mmoja ukipumzika, mpaka vibaki 9. Kata uzi, upitishe ndani ya vitanzi vyote 9, vuta, funga, shona ubavu. Jioni mbili zinatosha. Kwa mwanafunzi anzisha 64 na upande mpaka sentimita 13 kabla ya kupunguza. Mafungu yatakuwa 8.

Jambo linalonifurahisha kama mwalimu ni kwamba hesabu ile ile ya 64, ukiifuma kwa uzi mwembamba laini na sindano za milimita 4, hutoa kofia ya mtoto mchanga: ukingo wa sentimita 3, na kupunguza kuanze kwenye sentimita 8. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakiichukia jedwali la 8 wakiishika ndani ya wiki moja kwa sababu kofia iliwadai. Kofia ya mchanga isiwe na kamba wala kishada, isifumwe kwa sufu inayokwaruza, na ikilowa ivuliwe mara moja.

Wapo wanaokuja vijijini kuwaambia kina mama kwamba kofia zitawatajirisha. Siungi mkono maneno hayo. Kusokota uzi wa kofia moja huchukua muda mrefu kuliko kuifuma, na hakuna mnunuzi wa sokoni atakayelipia saa zote hizo wakati ya kiwandani inaning'inia kibanda cha jirani. Kofia ya mabaki ina faida kwa kuwa malighafi yake ilikuwa itupwe, na mvaaji wake yuko nyumbani. Kikundi kitakachotaka kuuza kianze na zahanati au shule, sehemu zinazohitaji nyingi kwa pamoja.

Shule nazo zilegeze kamba. Kanuni ya kutovaa kofia darasani ina heshima yake, na mtoto anaweza kuivulia mlangoni. Lakini kumnyang'anya getini mtoto aliyetembea kilomita 4 katika ukungu, eti rangi si ya sare, sioni kunamfundisha nini.

Kuhusu kufua, kofia iliyochanganya sufu na akriliki isitiwe katika maji ya moto. Sufu husinyaa na akriliki haisinyai, hivyo kofia hujikunja. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ibonyeze bila kuisugua, ikamue ndani ya taulo, kisha ilaze juu ya mkeka kivulini. Ukiianika kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta mpaka imfikie mtoto mabegani.