Stika ya kilometa 5,000 haijui vumbi la Chanzuru

Kijana wa mchomoko, yaani gari dogo la kubeba abiria, alifika gereji na Toyota IST yake, akaniamkia, akafungua boneti mwenyewe kabla sijamwuliza lolote.

"Fundi, gari inakula oili. Nimeambiwa nihamie oili nzito, namba 40, ndiyo itakoma."

Analala Chanzuru, anapiga ruti ya Kilosa na Dumila, na msimu wa mavuno anaingia mashambani kubeba watu na magunia. Sikugusa dipstiki. Nilianza na boksi la eafilta. Klipu moja ya kulifungia ilikuwa imevunjika, na mahali pake palifungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nikapitisha kidole upande wa ndani wa filta, ule unaotakiwa kuwa safi kama sahani ya mgeni. Kidole kikatoka chekundu.

Injini haiishi kwa petroli peke yake. Hii ya IST yake, 1NZ-FE ya lita 1.5, huvuta hewa ya ujazo wake wote kila inapozunguka mara mbili. Ukikanyaga mafuta hadi chini kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, piga hesabu: zaidi ya lita 2,000 za hewa kwa dakika moja. Ni mapipa kumi ya lita mia mbili, kila dakika, yakipita kwenye kikaratasi kilichokunjwa ambacho watu wengi hukikumbuka gari likishaanza kukosa nguvu.

Vumbi la njia za Kilosa limechanganyika na mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda. Chembe kubwa unazoziona kwa macho hunaswa hata na filta mbovu. Zinazoua ni zile laini kama unga, zinazopenya kwenye ufa wa boksi na kwenda kukaa kati ya ringi na silinda. Hapo husaga kama jiwe la kunolea panga. Ringi ya oili, ambayo kazi yake ni kukwangua oili kutani na kuirudisha chini, inaisha makali. Oili inabaki juu, inaungua pamoja na petroli, inatoka kwenye ekzosi kama moshi wa buluu. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kwamba gari linakula oili, lakini dawa aliyoelekezwa ilikuwa ya kuficha homa.

Oili nzito ingempunguzia moshi kwa muda, hilo sibishi. Ila injini hii ina VVT-i, mfumo unaobadili wakati wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia shinikizo la oili, kupitia vijia vyembamba na kichujio kidogo cha waya. Hata cheni ya taiming hukazwa kwa shinikizo hilo hilo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, oili nzito huchelewa kufika, na sekunde hizo chache za chuma juu ya chuma zinajirudia kila siku. 5W-30 ndiyo iliyokusudiwa, na 10W-30 inafaa kabisa kwa joto letu. Namba 40 ya kupimiwa kwenye pipa muachie mwenye mashine ya kusaga.

Juu ya kioo cha mbele alikuwa na stika ya sevisi: kilometa 5,000 zijazo. Ndani ya mlango, kwenye nguzo, kulikuwa na stika nyingine ya Kijapani ambayo hakuwahi kuiulizia. Hizi zina faida ukijua kuzisoma. Mwaka huandikwa kwa enzi za wafalme wao: enzi ya Heisei unaongeza 1988, ya Reiwa unaongeza 2018. Stika yake ilisema Heisei 28, yaani 2016, ikiwa na kilometa za siku oili ilipobadilishwa huko. Kwa magari ya zamani yenye taiming belti, kama Noah za injini ya 3S-FE, mara nyingi utakuta stika ya aina hiyo karibu na injini ikionyesha belti ilibadilishwa kwenye kilometa ngapi. Belti hiyo hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukiibandua stika ili injini ipendeze, umetupa cheti cha kuzaliwa.

Sasa, watengenezaji wenyewe wanajua kwamba barabara si moja. Ratiba ya Toyota ya Japani kwa injini ya petroli isiyo na tabo inaruhusu oili kukaa hadi kilometa 15,000 au mwaka mmoja, lakini ina safu ya pili kwa matumizi magumu: kilometa 7,500 au miezi sita, kutegemea kipi kinatangulia. Matumizi magumu kwa Mjapani ni njia za vumbi na kokoto, milima, safari nyingi za karibu, na kutembea zaidi ya kilometa 20,000 kwa mwaka. Msomaji wa Kilosa, jihesabie mwenyewe ni mangapi kati ya hayo yanakuhusu. Kijana wangu yanamhusu mawili, vumbi na kilometa, tena kwa oili ya bei ambayo Mjapani hakuifikiria.

Toka Kilosa hadi Dumila ni karibu kilometa 70. Akienda na kurudi mara mbili kwa siku, ametembea 280. Zile 5,000 za stika zinakwisha kwa siku kumi na nane. Ndiyo maana dereva wa mchomoko anayesema "nilifanya sevisi juzijuzi tu" anasema kweli na anajidanganya kwa wakati mmoja. Kwake yeye nimeweka 3,500, na filta ya oili inabadilishwa kila mara, siyo mara moja moja.

Mwalimu wa Ilonga mwenye IST hiyo hiyo ana tatizo la kinyume. Yeye huenda Kilosa mjini na kurudi, mwendo mfupi, pengine siku nyingine hata hatoki. Kilometa 3,500 atazifikia baada ya miezi mingi. Injini yake haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na siku moja atafungua kifuniko cha oili akute uji mweupe umeganda chini yake. Wapo mafundi watakaomwambia papo hapo kwamba gasketi ya silinda hedi imekwenda, na kumwandalia hesabu ya kumtoa jasho. Kwanza ausafishe uji huo, alipeleke gari hadi Dumila bila kuzimazima, kisha aangalie tena. Uji usiporudi, maji ya rejeta yakabaki pale pale na oili ya kwenye dipstiki ikabaki safi, ulikuwa unyevu tu. Mwalimu asihesabu kilometa. Ahesabu miezi sita.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona kwenye gereji nyingi, na ni la ukarimu. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Dumu la oili linauzwa la lita 4. Fundi anamimina lote, mteja anaridhika kwamba hakuibiwa. Ile theluthi ya lita iliyozidi inapandisha oili juu ya alama ya F, krenkshafti inaweza kuanza kuikoroga kama mtu anayepiga mayai, na oili yenye povu haina shinikizo. Baki ya dumu ifungwe, ikae kwenye buti, itatumika kujazia. Na kipimo kisomwe gari likiwa mahali tambarare, baada ya kulizima na kusubiri dakika tano; futa dipstiki, zamisha tena, ndipo usome.

Narudi kwenye eafilta, maana sijamaliza nayo. Desturi ni kuipuliza kwa kompresa ya kujazia matairi, ncha ikiwa imegusa karatasi, kwa nguvu yote. Vumbi linatoka na karatasi inatoboka. Pulizia toka upande safi kwenda upande mchafu, ncha ukiiweka mbali na kwa upepo mdogo, kisha ingia mahali penye giza uimulike kwa taa ya simu. Ukiona nukta moja ya mwanga kali kuliko nyingine, tupa. Usiifue kwa maji wala petroli. Ukinunua mpya, bonyeza mpira wa ukingoni: ukiwa mgumu kama ndala ya zamani hautaziba, na filta nzuri isiyoziba ni sawa na mlango mzuri usio na fremu. Kiangazi, toka Juni hadi Oktoba, mtu wa njia ya shamba aifungue kila wiki. Na tafadhali, ukikuta lori mbele yako kwenye vumbi, subiri. Haraka yako ya dakika tano injini inailipia.

Maji. Hapa nina ugomvi wa siku nyingi na mafundi wenzangu. Gari likichemsha, dawa ya kwanza mitaani ni kutoa themostati. Kweli joto linashuka, dereva anashukuru. Kumbe themostati ni mlango unaofunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, ili injini ipate joto lake haraka na kubaki nalo. Ukiuondoa, injini inakimbia ikiwa ya baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye silinda. Sababu ya kuchemsha bado iko mle mle: rejeta iliyoziba kwa chumvi ya maji ya kisima, feni isiyozunguka, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Kifuniko hicho cha bei ndogo hushikilia shinikizo. Kikiwa kizima, maji hayachemki hadi karibu nyuzi 120. Kikichoka, yanachemka kwenye 100 kama sufuria ya ugali. Mchanganyiko ni nusu kulanti, nusu maji yaliyochujwa chumvi. Dereva wa Kilosa anaweza kuishi na rejeta mbovu miaka miwili kwa sababu njia zake ni tambarare. Siku atakapopata abiria wa Iringa, apite Mikumi, avuke Ruaha Mbuyuni, aanze kupanda Kitonga mchana wa jua, ataumbuka kwenye kona ya pili.

Kushuka Kitonga ni habari ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na breki zilizokanyagwa mlima mzima hufika huko bila taabu. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, pedali inazama, na ndiyo zile ajali zinazoandikwa "breki zilifeli". Badili kila miaka miwili. Otomatiki nayo ina namba: teremka kwenye 2 au L, acha injini ishikilie gari.

Msimu wa mvua una lake. Kilosa inaujua mto Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalizamisha makazi na kukata reli, na Januari 2014 maji yaliharibu daraja la Magole pale Dumila, barabara ya Dodoma ikafungwa. Lakini magari mengi hayafi kwenye mafuriko yanayotangazwa redioni. Yanafia kwenye kijito cha kawaida kilichojaa jioni. Mdomo wa hewa wa gari dogo uko mbele, chini kuliko unavyodhani. Maji hayasindikiki: pistoni ikikutana nayo, kinachopinda ni konrodi. Likizimika majini, usipige stata hata mara moja. Lisukumwe nje, plagi zote nne zitolewe, injini izungushwe maji yatoke, oili itazamwe kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi atachukua saa mbili. Stata moja ya pupa huchukua injini.

Kijana wangu nilimfungia klipu mpya, eafilta mpya, lita 3.7 za 10W-30, nikampa daftari la kurasa thelathini na mbili aandike tarehe, kilometa na oili aliyoongeza. Alirudi baada ya wiki tatu. Kurasa za mbele zilikuwa na madeni ya abiria na mchezo wa pesa za kituo. Oili ilikuwa imepewa mistari minne nyuma kabisa. Ilitosha. Kwa kilometa 4,100 alikuwa ameongeza lita mbili, karibu nusu lita kwa kila elfu moja. Vitabu vya Toyota huvumilia hadi lita moja kwa elfu moja kabla ya kusema injini ina kasoro.

Tulitoa plagi. Tatu zilikuwa kavu, za kahawia. Ya silinda ya tatu ilikuwa na oili mbichi.

"Tunashusha injini, fundi?"

Nikamwuliza mavuno yanakwisha lini.

"Agosti."

"Basi tutaishusha Septemba. Endelea kuandika, na ule ukanda wa tyubu nisiuone tena."