Panga linashika kutu, sufuria haishiki: jifunze kabla ya kununua mabati

Liache panga nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi utalikuta na madoa mekundu. Lakini sufuria ya alumini, ambayo huoshwa kila siku mwaka baada ya mwaka, haijawahi kuwa nyekundu. Vyote viwili vinapata maji na hewa. Tofauti iko wapi?

Msikilizaji, tofauti iko kwenye ngozi. Metali nyingi zikikutana na oksijeni ya hewani hujenga ngozi juu yake, nayo huitwa oksaidi. Kwa chuma, ngozi hiyo ndiyo kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasuka na kubanduka. Maji na hewa hupenya mpaka chini, na chuma kinaendelea kuliwa.

Oksaidi ya alumini ni nyembamba mno, huioni kwa macho, lakini imeshikamana na kuziba vizuri. Ukiikwaruza, nyingine hujijenga papo hapo. Adui zake ni magadi, majivu, chumvi na vitu vikali kama ndimu. Ndiyo maana sufuria uliyopikia maharage ya magadi hugeuka nyeusi ndani. Usilaze humo chakula chenye chumvi nyingi au ndimu.

Vijiko visivyoshika kutu ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5 hivi. Kromiamu ndiyo inayojenga ngozi ya kukinga. Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akatengeneza chuma cha aina hiyo.

Sasa twende kwenye paa. Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ina kazi mbili. Kwanza, hujenga ngozi ngumu kwa msaada wa hewa na unyevu. Pili, hukubali kuliwa kwanza badala ya chuma. Hata ukingo uliokatwa au mkwaruzo mdogo hulindwa, maadamu zinki ya jirani bado ipo. Lakini mvua huipunguza kidogo kidogo. Ikiisha, kutu inaanza. Katika mazingira yaleyale, zinki mara mbili hudumu karibu mara mbili.

Hapa ndipo wengi tunapopoteza fedha. Dukani tunauliza geji tu. Geji inakueleza unene wa bati: geji 28 ni nene kuliko geji 32. Haikuelezi limepakwa zinki kiasi gani. Bati nene lenye zinki kidogo linaweza kushika kutu mapema kuliko bati jembamba lililopakwa vizuri. Kwa hiyo uliza pia: yana gramu ngapi za zinki kwa mita ya mraba? Ukiona Z100, maana yake ni gramu 100 kwa pande zote mbili kwa pamoja. Herufi AZ huonyesha mchanganyiko wa alumini na zinki, na kwa kawaida alumini ni asilimia 55.

Baada ya kununua, zingatia haya:

• Usirundike mabati yakiwa yamelowa. Maji yakibanwa katikati, hewa haipiti, ngozi ngumu haijengeki, na zinki huliwa ikageuka unga mweupe. Yaanike yakauke, kisha yaweke mahali pakavu, upande mmoja ukiwa juu kidogo.

• Saruji mbichi na majivu hula zinki na alumini pia. Vikidondokea bati, osha mara moja.

• Fundi akikata kwa grenda, cheche hunasa juu ya bati na kuanzisha kutu. Akatie chini, mbali na mabati mengine, kisha afagie vumbi lote la chuma.

• Walio karibu na bahari wachague mabati yaliyopakwa zaidi, maana upepo wa chumvi hula upesi.

Na kama paa limeshaanza kutu, usipake rangi juu ya kutu. Itabanduka nayo. Sugua kwanza kwa brashi ya waya au msasa mpaka kutu yote iliyolegea itoke, futa vumbi, kisha paka rangi ya kuzuia kutu. Fanya hivyo mapema, wakati bado ni madoa. Bati likishatoboka, rangi haiwezi kuliokoa.